Ukuta wa Nyumba ya Pampu

3 Machi

Dada,

Sisi huku wazima, isipokuwa mashine yangu ya kunyolea, ambayo siku hizi inauma masikio ya wateja. Najua umekataa habari za simu kwa sababu nikikupigia nakuchekesha hadi unasahau ulichotaka kuniuliza. Basi nimeshika kalamu, na leo sina cha kukuchekesha.

Wanataka kubomoa nyumba ya pampu. Juzi asubuhi nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa nimeshamaliza, nikaona kwenye kioo watu wawili wa halmashauri wanabandika karatasi kwenye ule mlango wa chuma ng'ambo ya barabara. Nikatoka mbio na mkasi mkononi. Mteja akatoka nyuma yangu na shuka shingoni. Karatasi inasema jengo limechakaa, halina kazi tangu bomba jipya lilipofika, na mwisho wa Mei litavunjwa pajengwe maegesho ya magari.

Maegesho, dada! Mahali Baba alipoendesha pampu miaka thelathini na moja. Hakuna mtu wa mtaa huu aliyepika wala kuoga bila Baba na wenzake kusukuma yale maji kwenda kwenye tangi, usiku na mchana, kwa zamu. Nilisoma ile karatasi mara tatu.

Tulikaa kikao hapo hapo kinyozini. Mama Cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, amekuwa katibu. Uenyekiti wamenipa mimi, nadhani kwa sababu viti ni vyangu. Tumeambiwa tumaini ni moja tu: Idara ya Makumbusho ikiliandikisha jengo kuwa la urithi, hakuna wa kuligusa. Lakini lazima waombwe kwa barua ya maana, kisha waje wakague. Sasa barua ya maana nani ataandika? Mama Cherehani anaandika vipimo vya magauni. Mimi mwandiko wangu unauona.

Wewe umepiga taipu ofisini hadi ukastaafu. Tuokoe.

Mdogo wako,
Kinyozi

*

11 Machi

Bwana Mwenyekiti,

Hongera kwa cheo. Nilipofungua bahasha nilidhani kuna mtu amefariki, maana wewe kuandika kurasa mbili si jambo la kawaida.

Maombi nimeyapiga taipu, yamo humu pamoja na nakala tatu. Tia sahihi, muhuri wa kamati kama mnao, na msiambatanishe maneno mengine yoyote ya kwako. Pigeni picha za mashine, zitumwe pamoja na barua. Anuani yangu nimeiweka chini kama mwandishi wa maombi, ili majibu yao nami nipate nakala. Sikuamini kwa kutunza karatasi.

Nilipokuwa napiga taipu nilimwona Baba waziwazi, na ile ovaroli yake ya buluu. Nilisita nilipofika mahali pa kueleza waendeshaji walikuwa watu gani. Niandike nini? Mtu yule hakujua a wala be. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Kila barua iliyoingia nyumbani nilimsomea mimi, kila iliyotoka niliandika mimi, yeye akaweka dole gumba. Hata vitu vyake alivitia alama kwa kuchora ndoo kwa sababu hakuweza kuandika jina: sahani ndoo, jembe ndoo, mwavuli ndoo. Niliandika tu kwamba walikuwa watu waaminifu. Hilo ni kweli.

Jambo la mwisho na ulisikie vizuri. Mkaguzi hatakuja kuangalia buibui. Fagieni, pigeni deki, mashine zing'arishwe. Na ule ukuta mrefu nyuma ya pampu, wenye maandishi, upakwe rangi. Watu wa zamu walikuwa wanaachiana habari pale kwa penseli nene, maji futi ngapi, pampu gani inakohoa, nani kachukua spana, mistari juu ya mistari. Ulikuwa umekaa kama ukuta wa choo cha stendi hata nilipokuwa mtoto. Baba angeona aibu mgeni wa serikali akaribishwe na uchafu ule.

Dada yako

*

20 Machi

IDARA YA MAKUMBUSHO
Ofisi ya Ukaguzi wa Majengo

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Wakazi.
Nakala: Mwandishi wa Maombi.

YAH: NYUMBA YA PAMPU

Nimepokea maombi yenu, ambayo yameandikwa kwa ustadi usio wa kawaida. Ni wajibu wangu kuwaeleza ukweli. Pampu za aina hiyo tunazo tayari katika makumbusho mawili, na majengo kama hilo yapo mengi. Kwa hayo pekee nisingeweza kupendekeza liandikishwe.

Hata hivyo, katika picha yenu ya tatu, nyuma ya gurudumu, naona ukuta wenye maandishi. Kwa kutumia lenzi nimeweza kusoma vipimo vya maji na maelezo ya makabidhiano ya zamu, kwa miandiko tofauti. Vitabu rasmi vya pampu hiyo viliteketea zamani. Endapo ukuta huo ni kama ninavyoudhania, ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya kazi ile, imeandikwa na wafanyakazi wenyewe, na sijawahi kuona nyingine mfano wake.

Nitafika tarehe 14 Aprili. Nawaomba kwa msisitizo ukuta huo usiguswe, usifutwe, wala usioshwe.

Wenu katika kazi,
Mkaguzi

*

29 Machi

Dada,

Sisi hatujambo. Mvua imekuja vizuri. Mama Cherehani anakusalimu, anasema barua yako imewatoa jasho.

Pampu zinang'aa, dada! Tulikuja watu arobaini na kitu, kila mtu na kitambaa chake. Ile pampu ya pili tuliipiga mafuta hadi mtu anaweza kunyolea mbele yake. Sakafu tumepiga deki mara tatu. Tumepata hata spana ya zamani chini ya kabati, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Wake kwa waume walifanya kazi wakiimba, na kuna bibi mmoja aliyelia alipogusa lile gurudumu, akasema mumewe alilizungusha.

Barua ya makumbusho imefika. Mama mstaarabu sana yule. Atakuja tarehe 14.

Sina zaidi. Wateja ni wengi.

Kinyozi

*

3 Aprili

Wewe Kinyozi,

Nimekulea tangu unakula chaki. Unapokuwa na neno la kuficha unaleta habari za mvua.

Nakala ya mkaguzi ninayo hapa mezani. Kaandika barua nzima juu ya ukuta. Wewe umeniandikia juu ya gurudumu, sakafu, spana, na bibi anayelia. Ukuta hukuutaja hata mara moja.

Nakuuliza swali moja na unijibu kwa neno moja. Ukuta upo?

Na kama haupo, usithubutu kunificha kwa sababu ni mimi niliyesema upakwe. Maneno yangu nayakumbuka yote.

Dada

*

6 Aprili

Shemeji,

Salamu nyingi. Utashangaa kupata barua yangu, maana tangu dada yangu aolewe na Kinyozi hatujawahi kuandikiana mimi na wewe. Kinyozi hajui kwamba naandika. Naomba abaki hajui mpaka umalize kusoma.

Mimi ndiye niliyepaka ule ukuta. Ilikuwa tarehe 24. Duka la vifaa lilitupa rangi bure, ndoo nne, na mimi ndiye fundi rangi pekee mtaani, basi nikajitolea. Watu walinipigia makofi. Tarehe 27 ikaja barua ya makumbusho. Kinyozi aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, kisha akaiweka kwenye droo ya nyembe. Hajamwonyesha mtu ila mimi. Jana amemnyoa mteja sharubu upande mmoja akamwambia tayari. Barua yako ya tarehe 3 nayo imo kwenye droo hiyo hiyo. Hawezi kukujibu kwa sababu anaogopa ukijua utajilaumu.

Sasa nakuja kwenye langu. Shemeji, ukuta ule umekula mafuta ya mashine miaka yote ile, na chini ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani tangu zamani. Ukuta wa namna hiyo fundi wa kweli anaupiga msasa kwanza mpaka uwe mkavu na wenye mikwaruzo, ndipo rangi ya maji ishike. Mimi sikupiga msasa. Nilikuwa na uvivu. Na katika zile ndoo nne, mbili nilizipeleka kupaka chumba changu. Mbili zilizobaki nilizikoroga na maji hadi zikatosha ukuta mzima. Ilikuwa kama uji wa mgonjwa.

Jana niliingia peke yangu, nikachukua kitambaa chenye maji, nikapangusa pembeni ya kabati mahali padogo kama kiganja. Rangi ikatoka. Chini yake nikasoma: "pampu ya kwanza inavuja, kaza polepole."

Kama ningefanya kazi yangu sawasawa, maandishi yangekuwa vumbi. Lakini nikisema jinsi ninavyojua kwamba rangi itatoka, ndiyo nimesema kwamba niliwaibia na kuwalaghai watu walionipigia makofi. Kazi nitapata wapi tena mtaa huu? Nina watoto. Nimefikiri ninyamaze, nivizie, nioshe mwenyewe kimya kimya, lakini nikikosea nitafuta na yaliyomo.

Nakuuliza wewe kwa sababu uko mbali, na watu wanasema huna huruma, kwa hiyo utasema kweli.

Shemeji yako,
Fundi Rangi

*

8 Aprili

Shemeji,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, binti yangu akatoka jikoni kuuliza nani kanishtua. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Sijawahi kufurahia uvivu wa mtu namna hii.

Sema. Sema mbele ya wote, leo hii ukiipata barua, kabla hujafikiri zaidi. Usioshe hata pa kiganja kingine. Mwambie Kinyozi amwite mkaguzi kwa simu na amweleze yote, afike na watu wake wanaojua kuosha vitu vya namna hiyo. Tulishafanya mara moja bila kuuliza, basi.

Kuhusu jina lako, mwambie Mama Cherehani asome hadharani hii sentensi yangu: aliyetoa amri ya kupaka ukuta ni mimi, dada yake Kinyozi, niliyejiona mjuzi. Wakitaka mtu wa kumsema, waanze na mimi. Utasemwa, sitakudanganya. Utasemwa mwezi mzima. Kisha watahitaji nyumba zao zipakwe rangi, na kwa mara ya kwanza watajua fundi wao ni mtu wa kusema kweli.

Ila upige msasa.

Shemeji yako

*

27 Aprili

Dada yangu,

Nisamehe. Nimekaa kimya wiki nne. Mwanzoni niliogopa, halafu nikataka kukuandikia nikiwa na karatasi mkononi. Karatasi ninayo. Imesainiwa. Nyumba ya pampu imeandikishwa na haibomolewi! Ile karatasi ya halmashauri nimeibandua mlangoni kwa wembe wangu mwenyewe, mtaa mzima umesimama nyuma yangu unapiga vigelegele, na mimi, sikufichi, nimelia kama mtoto.

Sasa nikupe kwa mpangilio. Tarehe 10 shemeji aliingia kinyozini kumejaa, akasimama katikati akasema yote, ndoo mbili, maji, msasa, yote. Mashine yangu ikabaki inanguruma hewani. Mwenye duka la vifaa alikuwa kwenye benchi. Alimtazama shemeji, akauliza, "Kwa hiyo itatoka?" Shemeji akasema itatoka. Yule bwana akaruka, akamkumbatia! Mama Cherehani akasoma sentensi yako. Watu wakasema, kumbe yule dada naye hukosea. Samahani, lakini walisema.

Nikampigia mkaguzi papo hapo. Nilidhani atanikatia simu. Alisema tu, "Msiguse. Nakuja." Alifika tarehe 12 na vijana wake wawili wa kazi, wana sponji, maji ya vuguvugu, na vibrashi laini vya kope. Walianza juu kushuka chini. Sisi tulibeba maji. Shemeji ndiye aliyewaonyesha wapi alipaka mara moja na wapi mara mbili. Siku tano, dada. Mistari ikawa inatoka mmoja baada ya mwingine, na watu wakawa wanaita majina: huyu babu yangu, huyu mjomba, huyu ndiye aliyekimbia na spana. Yule bibi alimwona mumewe akilalamika juu ya gurudumu.

Siku ya nne mkaguzi akaniita. Alikuwa amepiga magoti pale pembeni, kwenye bomba kubwa. Akaniuliza, "Huyu wa ndoo ni nani?"

Mwaka wa kwanza wa zamu zake, Baba anachora ndoo, kisha anapiga mistari, mstari mmoja kila futi ya maji. Hakuna neno. Baadaye kuna safu ya herufi, mwandiko wa mtu mwingine, safi, na chini yake herufi zilezile zinatetemeka, na ndoo mwishoni. Wenzake walikuwa wanamfundisha, dada. Pale pale ukutani, wakati wa makabidhiano. Unashuka chini unaona MAJI. Unashuka tena, unaona "tangi futi 9". Halafu sentensi. Mkaguzi alisema amezunguka makumbusho maisha yake yote, na hajawahi kuona mtu anajifunza kusoma na kuandika mbele ya macho yake, ukutani. Ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi kama sababu ya kwanza. Baba yetu ndiye sababu ya kwanza.

Sisi tulidhani hajui kitu. Wewe ulikuwa unamsomea hadi ulipoolewa.

Kuna mstari mmoja nimeunakili kwa ajili yako, neno kwa neno:

"Zamu ya jioni. Tangi futi 9. Binti kasoma barua ya mwalimu. Kasema kasifiwa. Barua inasema kafukuzwa siku tatu. Nimecheka bombani peke yangu. Sitamwambia najua kusoma. Anapenda kunisomea. Pampu zote nzima." Kisha ndoo.

Dada, wewe uliyenivuta masikio kwa kila kosa la hesabu, wewe ulifukuzwa shule lini?

Ufunguzi ni tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho. Mkaguzi anataka mtu wa familia asimame pale asome mistari ya Baba mbele ya watu. Mimi nimesema si mimi. Nitaropoka.

Mdogo wako,
Kinyozi

*

4 Mei

Mdogo wangu,

Nimeshindwa kupiga taipu. Vidole havikupata herufi, ndiyo maana unaona mwandiko wa mkono.

Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nawaandikia wenzangu barua za kuomba ruhusa, kama vile zimetoka kwa wazazi wao. Niliwaandikia wengi, na vizuri, hadi siku mwalimu alipopata barua tatu za akina mama watatu wenye mwandiko mmoja. Akanifukuza siku tatu, akanipa barua nimpelekee Baba.

Nilisimama mbele yake pale uani, nikaifungua na kumsomea. "Mzazi mpendwa, binti yako ni mfano kwa wenzake." Nilimsomea ukurasa mzima wa sifa ambazo hazikuwepo, na zilikuwa nzuri, maana nilizitunga mimi. Baba alisikiliza hadi mwisho. Akachovya dole gumba kwenye wino, akagonga penye nafasi ya mzazi, kama kawaida. Akasema, "Mtoto aliyesifiwa hivi anastahili kuiona kazi ya baba yake." Kesho yake akanichukua pampuni. Akanipa kitambaa, nikafuta mabomba kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne akaniambia, "Sasa nenda shule."

Miaka yote hii nilijiona mwerevu. Nilikuwa nawasimulia wenzangu ofisini jinsi bahati ilivyoniokoa, kwamba Baba aliniita kazini siku zile zile tatu nilizokuwa nahitaji pa kujificha. Sikuwahi kuhesabu. Alinipa adhabu yangu kamili, na hakunivunjia heshima.

Na baada ya hapo niliendelea kumsomea, mwaka baada ya mwaka, nikikunja uso, nikimharakisha, nikisema Baba sikiliza basi. Naye anasikiliza. Anajua kila neno kabla sijalitamka, na anasikiliza. Mdogo wangu, nimekaa na hilo siku tatu. Mara nalia, mara nacheka hadi binti yangu anafunga mlango. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu mwingine yeyote, na nimekuja kujua leo nina mvi.

Nimekata tiketi. Nitafika tarehe 16, mje mnipokee, na mwambie shemeji asiogope kunitazama usoni, kwani mimi ndiye nina deni la kumshika mkono. Mwambie mkaguzi kwamba msomaji amepatikana. Nitasimama mbele ya mtaa wote, mbele ya halmashauri na maegesho yao, na nitasoma mistari ya Baba kuanzia ndoo ya kwanza. Nikifika kwenye ule wangu, safari hii nitausoma kama ulivyoandikwa.

Dada yako,
binti wa mwendesha pampu